Mashine ya Kumi na Saba

Nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba Papa Ngoie amefariki, nilishusha pumzi. Naandika hivyo bila kupaka rangi, kwa sababu kurasa zilizotangulia za kitabu hiki nimezijaza safari na vyeti vyangu, na aliyenivumilia mpaka hapa ana haki ya kuona na upande huu. Nilikuwa jikoni kwangu, Makomeno, nachambua maharage. Binti yake ndiye aliyepiga; namba yangu sijui aliipata wapi. Alilia kidogo, akanieleza saa ya mazishi, nami nikasema pole zote zinazosemwa. Nilipoiweka simu mezani, kabla huzuni haijafika, nilisikia mwili mzima unalegea, kama mwanafunzi aliyetangaziwa kwamba mtihani umefutwa. Nikaendelea na maharage yangu. Huzuni ilikuja baadaye nikiwa naoga, ikaja na aibu, na ile aibu ndiyo iliyonikalisha chini kwenye sakafu ya bafu, mama mzima mwenye mvi, sabuni ikiniwasha machoni.

Mwaka ninaoukumbuka, nchi ilikuwa imekatwa vipande. Mashariki kulikuwa na waasi, kaskazini ya Katanga kulikuwa na mstari wa mbele wa vita, na huku Lubumbashi migodi ilikuwa inakufa mmoja baada ya mwingine. Pampu zilizimwa kwa kukosa vipuri na maji yakaanza kupanda mashimoni. Watu waliozoea king'ora cha zamu walikuwa wanaamka bila kujua ni saa ngapi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, msaidizi katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya juu. Jina lake naliacha, maana majengo hayana kosa. Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha kuchorea ramani. Meza zake zilikuwa zimeinama, ukiweka kalamu inateleza, kwa hiyo chini ya kila kompyuta tulisukuma matofali na vitabu vinene vya sheria ya migodi ili ikae sawa. Kwenye korido ndipo ilipokuwa mbabula yetu, jiko la makaa la watu watatu, mimi na wenzangu wawili. Kila siku saa sita tulikula pamoja bukari, ugali wetu, na ndakala, dagaa wakavu, au bukari na matembele, na siku mbaya bukari na chumvi. Mpaka leo nikinusa ndakala wakikaangwa naona skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na hamu ya kula inaniisha.

Wa kwanza wa hao wawili ni Papa Ngoie mwenyewe. Alikuwa fundi umeme wa reli, mtu wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza, aliyekaa miaka thelathini kazini bila kuunguza hata redio ya mtu. Reli ilipowaondoa wazee kwa mamia, yeye alikuja kwetu kama kibarua, na sifa ile ya kutounguza kitu ndiyo mali pekee aliyotoka nayo. Alikuwa na desturi ambayo wengine waliicheka. Kabla ya kukata umeme au kuurudisha, alizunguka chumba kwa chumba, anauliza kila mtu, "Nikate?" na anangoja asikie neno kutoka mdomoni. Kutikisa kichwa hakukumtosha. Siku moja nilimtania, nikamwambia kichwa nacho ni jibu. "Hapana, ingénieur," akasema. "Mi nataka kusikia sauti. Kichwa inaweza kutingizika juu ya usingizi." Kisha akanieleza, bila kutania, kwamba kwenye reli alizika rafiki yake kwa sababu ya kichwa kilichotikiswa. Na jina hilo la ingénieur, mhandisi, alinipa yeye. Wageni wakiingia na kuuliza fundi wa kompyuta yuko wapi, huku mimi nimepiga magoti mbele yao katikati ya kebo, Papa Ngoie alininyooshea bisibisi yake na kusema, kwa lile njo letu lenye maana ya ndiye, "Njo huyu. Hamumuone?"

Wa pili alikuwa Masumbuko, ambaye sote tulimwita Chef, mkubwa, ingawa hakuwa na wa kumwamuru. Alikuwa mtu wa Butembo, huko mashariki kwa waasi, kwao ni wafanyabiashara wa jumla na wenye malori, akaja Lubumbashi kusoma, vita vikamfungia mlango nyuma. Alikuwa hajasikia sauti ya mama yake tangu mstari ule wa vita ulipoikata nchi. Alisali juu ya chakula mpaka bukari inashika ngozi, na Papa Ngoie alikuwa anakohoa kumkumbusha kwamba Mungu ameshasikia. Utafiti wake wa shahada ya udaktari ulikuwa juu ya maji yale yanayopanda migodini: yatajaa lini, yatatafuta njia wapi, na visima vya mitaa gani yatavifikia kwanza. Miaka mitatu ya vipimo na hesabu ilikuwa ndani ya kompyuta moja nyuma ya kabati. Kila duru ya hesabu ilihitaji siku kumi na moja mfululizo, na katika mji ule hakuna aliyewahi kuona siku kumi na moja za umeme mfululizo.

Ndiyo maana tulitaka kundi la mashine. Kompyuta kumi na saba zilizotumika zilitoka kusini kwa lori la jamaa zake Masumbuko waliokuwa wakifanya biashara huko, zikakwama Kasumbalesa kwenye foleni ya mpaka, na yeye mwenyewe akaenda kukaa na dereva, akala mahindi ya kuchoma wiki mbili mpaka zikapita. Kumi na sita tulizifanya kundi. Ya kumi na saba tulimpa aiweke mezani pake, akahamishia humo miaka yake mitatu. Mimi ndiye niliyezipanga zote siku ile, mipangilio ile ile kwa zote kumi na saba, kwamba ikiwaka iulize kwanza kwenye kebo, mkono mmoja, bila kufikiri.

Programu ya kuziunganisha aliituachia profesa mmoja wa Ulaya aliyeondoka vita vilipoanza. Kazi yake ilikuwa hivi: unaandaa mashine moja, mama wa zote, ambayo kwetu ilikuwa kompyuta ya zamani ya chumba kile, halafu nyingine unaziwasha tu. Kila moja ikiamka inauliza kwenye kebo nani ana mfumo wa kunipa. Yule mama anaijibu, anafuta diski yake yote, anaiwekea mfumo wa Linux pamoja na vifaa vya kazi, na inajiunga na wenzake kupiga hesabu. Ilikuwa nzuri, ila ilitengenezwa kwa Linux ya vifurushi vya rpm, na diski za Linux hiyo zilikuwa zimekwaruzika hata hazisomeki. Kupakua nyingine kwa simu yetu ya kusubiri asubuhi nzima barua pepe tatu ziingie, ilikuwa ndoto. Linux pekee tuliyokuwa nayo kamili tulipewa na padri mmoja, nayo hutumia vifurushi vya deb. Ikabidi niihamishe programu yote kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mtu wa nje ataona kifurushi ni kifurushi: ndani kuna programu, pamoja na maelezo ya namna ya kuiweka na ya vitu inavyovitegemea. Lakini majina yao si yale yale, na tabia zao ni mbili. Cha rpm kinaingia kimya, kinakaa, utakirekebisha baadaye. Cha deb kinasimama mlangoni na kukuuliza maswali: unataka lugha gani, nianze kazi mwenyewe au nisubiri, hili faili la mipangilio naona umeligusa kwa mkono, nibaki na lako au niweke langu jipya? Ukiwa na skrini mbele yako, unajibu. Mashine zetu kumi na sita hazikuwa na skrini, kwa hiyo kila moja iliuliza peke yake na kusimama pale pale, tukidhani imeharibika. Miezi mitano nilipigana na maswali hayo, kifurushi kwa kifurushi, Masumbuko akinisomea majina kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, nami nachapa.

Mwishowe nilichoka. Niliandika amri moja tu: usiulize kamwe, chukua jipya kila mara. Niliona ni akili sana. Siku hiyo mashine zote kumi na sita ziliamka na kujiunga moja baada ya nyingine, Papa Ngoie akaenda kununua munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, tukanywa kwa vikombe vya maabara, na Masumbuko, mtu wa kusali, akacheza. Nilijisikia mkubwa. Nakumbuka hata nilivyovaa, na hilo nalo linanitia aibu.

Kilichonipita ni hiki. Mama wa mashine alikuwa na faili nililoliandika kwa mkono, lenye namba za mashine kumi na sita anazoruhusiwa kuzihudumia. Wiki moja baada ya ngoma ile, asubuhi, nilirekebisha kitu kidogo kwenye kifurushi na kukiweka upya. Kifurushi kilikuta faili langu. Kilikuwa na swali la kuniuliza, nibaki na lako au niweke langu, na mimi nilikuwa nimekikataza kuuliza. Kikaweka lake, ambalo lilikuwa tupu. Na kwa programu ile, orodha tupu maana yake ni kumhudumia yeyote atakayeomba.

Asubuhi hiyo hiyo Masumbuko alichomeka kompyuta yake kwenye kebo zetu. Alitaka kunakili miaka yake mitatu kwenye diski ya mashine-mama, kwa sababu disketi zake zilikuwa zimeota ukungu. Alianza na ramani, akaacha hesabu kwa baada ya chakula. Saa sita Papa Ngoie akapita. Umeme wa upande mmoja ulikuwa dhaifu, taa zinapepesa, akataka kutuhamishia kwenye waya mwingine. "Chef, nikate?" "Kata, papa." Akaja kwangu. "Ingénieur, nikate?" Nilikuwa nimeinamia kibodi, nikasema kata bila kuinua kichwa. Akakata, akafanya kazi yake, akapima, akarudisha. Mashine zile za zamani, swichi ikibaki imebonyezwa, umeme ukirudi zinajiwasha zenyewe. Mashine-mama, aliyekuwa na betri yake, hakuzimika hata kidogo; alikuwa anasubiri. Tulikuwa koridoni, Masumbuko amefumba macho juu ya bukari, niliposikia diski zinaanza kuguruma chumbani, nikasema kwa majivuno, "Musikie batoto bangu banaamuka."

Masumbuko alirudi kwanza. Kwa kuwa orodha ilikuwa tupu, mama aliihudumia na mashine yake: alifuta diski, kisha, kwa kuwa haikuwa na jina popote, mambo yakakwama, skrini nyeusi. Aliizima, akaichomoa kwenye kebo, akaiwasha. Ikaandika kwamba haina mfumo wowote. Akafanya hivyo tena na tena, halafu akatuita kwa sauti ndogo ya mtoto. "Njooni muone. Disque inakufa." Papa Ngoie aliingia na bisibisi mkononi, na wote wawili tukamtazama. Katika mji wetu friji ikifa ni umeme, redio ikifa ni umeme, hakuna anayetafuta zaidi.

Mimi nilienda kwa mashine-mama, nikafungua kumbukumbu ya kazi yake. Nilihesabu mistari kwa kidole. Zilikuwa mashine kumi na saba. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu, zikabaki kumi na saba. Ningependa kuandika kwamba mkono ulifanya wenyewe, watu husema hivyo. Haukufanya wenyewe. Nilisoma jina la faili mara mbili ili nisikosee, nikalifuta. Kisha nikaenda kumshika Masumbuko bega, aliyekuwa amekaa sakafuni akiita jina la mama yake, na nikalia naye, na machozi yale yalikuwa ya kweli, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo.

Tangu hapo nimejiuliza niliogopa nini. Hakuna ambaye angenipiga. Nilikuwa mwanamke pekee katika jengo lile aliyeshika kebo, na nilijua kuna watu waliokuwa wanangoja kwa hamu nikosee ili wapate kusema tuliwaambia. Kwa miaka mingi nilijipoza kwa sababu hiyo. Ni sababu ya kweli na haitoshi. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeninyooshea bisibisi mbele ya hao watu, na ni yeye niliyemuuza.

Kesho yake Papa Ngoie aliniletea karatasi. Ilikuwa demande d'explication, ile barua ambayo mkubwa humwandikia mfanyakazi kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Alikuwa amevaa shati la misa. Alifunga mlango, akakaa kwenye kiti cha Masumbuko, kofia magotini.

"Ingénieur, weye njo unajua bile bintu. Uniambie kweli. Njo mi niliua disque ya chef?"

Nilikuwa na nafasi. Chumba kilikuwa na sisi wawili tu, na mtu yule angenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Nikasema ni umeme. "Courant, papa. Ikirudia na nguvu, inafanyaka vile."

"Lakini niliuliza bote. Mulisema kata."

"Uliuliza, papa."

Alifikiri. "Bon. Kama ni courant, njo mi. Courant iko yangu." Akanisukumia karatasi. "Uniandikie jibu. Français ya bantu ba machine, mi siijue."

Nikamwandikia. Naikumbuka mistari yote minne, na mmoja unaniamsha mpaka leo: Je reconnais avoir rétabli le courant sans avoir mesuré la tension. Alinitaka nimweleze.

"Inasema nini pale?"

"Inasema ulirudisha courant bila kupima kwanza."

"Nilipima," akasema.

"Papa, wakisoma kwamba ulipima, watauliza basi ni nini. Ukikubali, itaisha upesi."

Alinitazama machoni kwa muda. Nilidhani amejua. Kumbe alikuwa anajitafuta mwenyewe, anarudia siku ile kichwani, anajiuliza kama kweli alipima au alidhani amepima. "Kama weye njo unasema, basi nilipima mubaya," akasema, na akatia sahihi, jina lote, pole pole, kama mtu anayesaini ndoa.

Walimwondoa Ijumaa. Alizunguka chumba kwa chumba kutuaga, vile vile alivyokuwa akizunguka kuuliza. Kwa Masumbuko alivua kofia, akaomba msamaha. Masumbuko akamshika mikono miwili: "Papa, haiko mubaya yako. Ni vita." Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nashughulika na kebo isiyokuwa na shida. Mwezi uliofuata Masumbuko naye aliondoka, akapitia Kasumbalesa, akazunguka Zambia, Tanzania na Uganda ili afike kwao kwa mlango wa nyuma. Sikusikia tena habari ya hesabu zake. Maji yaliendelea kupanda na hakuna aliyejua yanaelekea visima gani.

Nami nilisonga mbele. Vifurushi vyangu vilifanya kazi. Padri alipokwenda likizo Ulaya alivichukua, watu wa huko wakaviweka hadharani vikiwa na jina langu, wakaniandikia, wakanialika, na hizo safari umezisoma katika sura zilizotangulia. Kila kifurushi cha deb kina kitabu kidogo cha mabadiliko ambamo mtengenezaji huandika alichorekebisha. Katika toleo la pili niliandika humo: imerekebishwa, orodha tupu isiruhusu tena mashine yoyote. Hiyo ndiyo toba yangu. Iko wazi mbele ya dunia nzima, na niliiweka mahali pekee ambapo nilikuwa na hakika Papa Ngoie hatafika. Niliporudi kuishi Lubumbashi nilimwona mara moja kwa mbali, sokoni, amebeba kabichi. Nikapita kwenye safu ya viatu.

Kilio kilikuwa kwake, Naviundu. Walikuwa wamefunga bache barabarani, hema la plastiki la bluu, wanaume kwenye viti, wanawake ndani chini kwenye mikeka, na nyuma ya nyumba sufuria za bukari zinazungushwa na wanawake wawili kila moja. Niliingia kumpa mkono mjane wake, Mama Henriette, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Alinikalisha karibu.

"Njo weye ingénieur?" akasema. "Alikusemaka sana. Alisema, ule mutoto alijaribu kuniokoa, aliniandikia barua."

Yeye akaendelea, kwa sauti ile ya mtu aliyelia mpaka amekauka, akawa anaongea na mimi na wale mama wengine kwa pamoja. "Tangu ile siku hakugusa tena waya. Makampuni ya mpya yalikuja, barafiki ba reli banamuita kazi, anakatala. Hapa mu nyumba, ampoule ya taa inakufa, anaita muntu wa inje. Mi namuambia, Ngoie, ni ampoule tu! Anasema, mukono yangu haiko tena ya kuamini. Mwaka moja fusible ya courant iliungua, fundi eko safari, tulikaa mu giza wiki tatu. Muntu wa courant, na bougie, mushumaa, mezani." Mama mmoja akacheka kidogo kwa huruma. Mama Henriette naye akacheka. "Nilimukasirikia sana," akasema.

Nikamwambia. Nilimwambia sikioni, maana nilitaka ibaki kati yetu wawili, hata katika kuungama nilikuwa bado natafuta njia ya kificho. Nilianza na vifurushi na orodha, nikaona macho yake hayanifuati, nikaacha. Nikasema haikuwa umeme, ilikuwa mimi, na nilijua siku ile ile. Aliuliza swali moja.

"Na ile barua, ya kusema hakupima?"

"Niliiandika nikijua alipima, mama."

Nilitegemea anipige, au anipe ule msamaha ambao watu huwapa wenzao msibani kwa kuchoka. Hakufanya lolote katika hayo. Alisimama, akanishika kifundo cha mkono, akanitoa nje mbele ya watu wote mpaka chini ya bache. Kwenye kilio chetu kuna msemaji wa familia. Kila kundi la wageni linapofika na kuketi, yeye husimama na kuwaeleza namna marehemu alivyougua na alivyokufa, yote tangu mwanzo, hata kama ni mara ya ishirini kwa siku. Msemaji wetu alikuwa ndugu yake mdogo Papa Ngoie, mzee mrefu mwenye rozari shingoni.

"Shemeji," Mama Henriette akamwambia, "huyu iko na ya kusema. Bantu bakifika, weye utaeleza ugonjwa. Ukimaliza, yeye anaeleza yake. Kila kundi." Kisha akanigeukia. "Balisikia bote kama aliunguza. Basi basikie bote."

Nikawekewa kiti. Kundi la kwanza lilikuwa la majirani. Msemaji akaeleza presha, hospitali, asubuhi ya mwisho. Kisha akaninyooshea mkono, nikasimama. Niliongea karibu robo saa. Nilieleza vita, na ujana wangu, na jinsi vifurushi vinavyouliza maswali, na ugumu wa kuwa mwanamke mahali pale. Yote yalikuwa kweli, na nilisikia jinsi kila neno linavyonipangusa. Majirani waliniangalia kwa adabu. Kwa kundi la pili, la kanisani, niliacha vita na ujana. Kwa la tatu niliacha vifurushi. Bukari ikagawiwa, nikapewa sahani yangu kama watu wote, nikala kwa sababu kukataa chakula cha msiba ni tusi, na katikati ya tonge kundi jingine likafika nikasimama na mkono mchafu. Kufikia alasiri maneno yangu yalikuwa yamebaki haya: kuna kompyuta ilifutwa, watu walisema ni Papa Ngoie, ilikuwa ni mimi, nilijua, nikamwandikia barua ya kukubali kosa, akatia sahihi kwa kuniamini. Yalikuwa hayachukui hata dakika moja.

Kundi la mwisho siku hiyo walikuwa wazee wanne wa reli, mafundi umeme wenzake, wamevaa makoti mazito licha ya jua. Walimsikiliza msemaji wakiwa wameinamisha vichwa. Nilipomaliza yangu, mmoja wao, mwenye fimbo, akainua uso.

"Mama," akasema, "alikufa anajua?"

"Hapana, papa. Sikumwambia."

Hakunikasirikia. Aliwageukia wenzake, ambao labda hawakusikia vizuri kwa sababu ya nyimbo za ndani, akawarudishia kwa sauti kubwa ili wote wapate.

"Alikufa anafikiri njo yeye."